Fidia Aliyoitaka Mama Kashinde

Ilianza Jumatano, saa nane na robo mchana, katika darasa lenye madirisha matatu upande mmoja na ukuta mtupu upande wa pili. Saa naijua kwa sababu enzi hizo nilikuwa naandika kwa penseli, kila jioni, yote yaliyonipata mchana, na mtu mwenye haya haisahau saa aliyotajwa jina mbele za watu. Mkuu wa shule yetu, mama mrefu wa Kizungu aliyezungumza Kiswahili kana kwamba anakisoma ukutani, alisimama mbele yetu wasichana wa darasa la nane akatuuliza mmoja mmoja tungependa kwenda chuo gani mwaka ukiisha. Vyuo vilikuwa viwili. Kimoja cha uuguzi, palepale mjini, ambako wasichana walivaa nguo nyeupe na waliokuwa na kwao karibu waliruhusiwa kulala nyumbani. Kingine cha ualimu, mbali, milimani huko Usambara, cha misheni, ambacho kilikuwa kinapokea na wasichana wachache wa Kiislamu. Wenzangu walijibu. Nilipofikiwa mimi nilifungua kinywa, na kilichotoka hakikunifikia hata mimi mwenyewe. "Nini?" akauliza. Nikarudia. "Sikusikii, Mwanaidi." Darasa likacheka kidogo, si kwa ubaya. Yeye hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza. "Mwalimu lazima asikike," akasema. "Wewe ni mtulivu. Wagonjwa wanapenda watu watulivu. Nakuandika uuguzi. Ukibadili mawazo utaniambia kabla sijapeleka majina." Nikakaa. Nilichokuwa nimesema, mara zote mbili, ni ualimu.

Mwezi uliopita tumemzika Mama Kashinde kule Gongo la Mboto, nyumbani kwa mjukuu wake, na tangu siku ile mwaka huo umekuwa ukinirudia vipande vipande, hasa mchana baada ya kula, ninapokuwa nusu niko macho na nusu nimelala. Haunijii kwa mpangilio. Unanijia kama chumba kinachotazamwa kupitia chandarua: kila kitu kipo mahali pake, kitanda, sanduku, mtu aliyekaa, lakini kila kitu kina ukungu mweupe juu yake, na ukinyoosha mkono unagusa nyuzi tu. Ya wazazi wangu na walikotoka sitayaeleza, kila mtu ana ya kwao. Nitaieleza nyumba.

Ilikuwa Temeke, nyumba ya Bibi yangu, vyumba sita na ukumbi katikati, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, paa la madebe yaliyonyooshwa. Madebe yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani, na ikifika saa sita mchana jua lilipenya humo likadondosha ukumbini vijisarafu vya mwanga, ambavyo mimi nilikuwa mkubwa tayari lakini bado niliviruka nisivikanyage. Mbele barazani Baba alikuwa na cherehani yake, na mlio wake ulikuwa ndiyo saa ya nyumba. Ukinyamaza tulijua ni wakati wa sala au amekuja mteja mbishi. Nyuma uani Bibi alikaa kwenye mkeka akisuka mkeka mwingine, mafungu ya ukindu uliotiwa rangi ya zambarau na kijani yakining'inia kwenye kamba juu ya kichwa chake. Babu alikuwa hai bado, mgonjwa wa kifua, na kazi yake ilikuwa kuuliza chakula ni nini. Wali wa nazi na mchuzi wa papa, tulimjibu. Au kisamvu. Au mhogo. Jibu lolote lilimridhisha, kisha akala kidogo sana.

Vyumba viwili Bibi alikuwa anapangisha, na katika kimoja, mwanzoni mwa mwaka ule, alihamia karani wa reli, Mnyamwezi, Mkristo, mtu mwenye adabu nyingi na viatu vilivyong'aa, pamoja na mkewe Mama Kashinde. Watoto wao walikuwa kwa bibi yao huko bara. Siku ya kuhamia, karani aliingia akiamkia kila mtu shikamoo. Mke wake alisimama uani, mnene, mfupi, kanga moja kiunoni na nyingine begani, akamtazama Bibi kutoka utosini hadi vidoleni. "Nimeambiwa mwenye nyumba hii ni Mzaramo," akasema. Bibi akajibu ndiye yeye. "Ahaa. Basi nimefika kwangu." Akavua viatu, akaja kukaa katikati ya mkeka ambao Bibi alikuwa hajamaliza kuusuka, akanyoosha miguu. "Nyie watumwa wangu, hamna hata maji ya kumpa bibi yenu?" Mimi niliganda na kata mkononi. Bibi yangu, ambaye ukikohoa vibaya mbele yake alikusema mpaka magharibi, alicheka hadi machozi. "Mpagazi wewe," akamwambia, "mzigo umeutua wapi? Mmebeba mizigo ya watu mpaka mkasahau mlikotoka." Ndivyo ilivyokuwa kati ya Wazaramo na Wanyamwezi tangu zama za misafara. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukania marehemu wako, akachukua sufuria lako jikoni akakaa nalo mpaka umpe kitu cha kulikomboa, na wewe ukinuna unaonekana ndiye usiye na malezi. Baba alikuja kutazama kelele za nini, akaambiwa na Mama Kashinde kwamba suruali aliyoishika ina mguu mmoja mrefu. Akaipima. Akarudi barazani kuifupisha.

Chumba chake ndicho ninachokiona zaidi siku hizi. Kilikuwa cha tatu mkono wa kushoto. Kitanda cha chuma chenye vitambaa vyeupe vya kufuma, sanduku la bati, vikombe vyenye ukingo wa buluu vimepangwa kwa ukubwa, na kofia ya kazini ya mumewe juu ya msumari siku ambazo mumewe yupo. Kilinukia karanga. Alikuwa anazikaanga kwenye chungu kidogo, anazitwanga, anazitia kwenye mboga za majani, na mboga ile tulikula na ugali wa mtama kwa vidole, wawili tu, mchana Bibi akiwa amelala, dirisha limefungwa nusu kwa sababu ya jua. Sikuwa nimezoea kula na mtu anayenitazama. Yeye alinitazama. Siku moja akaniuliza, "Weye kila jioni uko pale kwenye kizingiti unaandika. Unatuandikia mashtaka?" Nikasema hapana, naandika tu. "Tu," akasema. Akasugua vidole, akainuka akafunga mlango, na alipokaa tena hakuwa mtani wa mtu. Alisema kwa sauti ndogo kuliko yangu kwamba hajui kusoma. Kanisani wenzake wakifungua kitabu cha nyimbo naye anafungua ukurasa uleule, anautazama, anaimba kwa kichwa. Mumewe hajui. "Mke wa karani," akasema. "Wale wanawake wa kanisani wakiipata habari hiyo, watakula nayo mwaka mzima." Akaniomba nimfundishe na nisimwambie mtu yeyote, hata Bibi. Nikaahidi. Kuahidi kulikuwa rahisi kwangu, sikuwa na tabia ya kumwambia mtu chochote.

Tulifundishana miezi mingi, kila siku niliyotoka shule mapema, kati ya adhuhuri na alasiri, cherehani ikilia mbele na Bibi akikoroma chumba cha pili. Sikuwa mwalimu mzuri. Nilimwonyesha herufi na kumnong'oneza majina yake, naye akanikatiza. "Mwalimu gani ananong'ona kama kaingia kuiba? Sema nisikie." Nikasema. "Sema kama una haki." Ndipo siku moja, sijui siku gani, hii sikuiandika, nilisikia sauti inasoma kwa nguvu, inapanda na kushuka, inasubiri, inarudia, inakaripia kidogo, na nikashtuka kwamba inatoka kwangu. Haikunitisha. Ilikuwa kama kukuta mlango mwingine katika nyumba uliyozaliwa. Darasani nilibaki yuleyule wa kunong'ona, na mkuu wa shule alinipita akitabasamu, kanitia tayari katika nguo nyeupe. Lakini nilikuwa nimeshajua ninachotaka na kwa nini, na usiku nililala nikiwaza milima ambayo sijawahi kuiona. Niliichora kichwani kama mafungu makubwa ya ukindu wa kijani, yanayotoa moshi baridi.

Kosa lilitokea kwa sababu ya kitabu cha nyimbo. Mama Kashinde alikuwa amefika mahali pa kusoma mistari mizima, na kitabu alichokuwa nacho ni hicho. Nikawa nasoma mstari mimi, kwa sauti ile ya chumbani, naye anaufuata. Bibi aliamka mapema siku hiyo, akapita ukumbini kwenda kuchota maji ya udhu. Jioni, nikiwa jikoni juu ya mbuzi nakuna nazi, niliwasikia yeye na Baba upande wa pili wa ukuta. "Nimemsikia kwa masikio yangu haya," Bibi alisema. "Anasoma vitabu vyao, tena kwa sauti kuliko wenyewe. Wanamtia maji ya ubatizo mtoto wetu, wewe umekaa unashona suruali." Baba alisema labda ni mambo ya shule. "Shule gani ya chumbani kwa mpangaji? Yule ni mtani wangu, nampenda, lakini hapo amevuka. Na huko milimani, kwenye chuo walichotuandikia barua, ndiko watamaliza kazi. Watamlisha nguruwe." "Basi milimani haendi," Baba akasema. "Aende uuguzi. Atalala hapahapa." Bibi akauliza, "Akaoshe wanaume?" "Wanaume wagonjwa, Mama." "Mgonjwa ni mwanamume vilevile." Nilikuna nazi mpaka nikafika kwenye kifuu. Ningeweza kutoka pale na kueleza kwa maneno machache kwamba mimi ndiye niliyekuwa ninafundisha. Lakini maneno hayo hayakuwa yangu, yalikuwa ya mwanamke aliyefunga mlango kabla ya kuniambia. Na niseme kweli, hata yangekuwa yangu, sidhani ningetoka.

Babu alifariki wakati maembe yanaanza kuiva, mchana, akiwa ameuliza chakula na kujibiwa. Nyumba ilijaa watu, kisha ikapungua, ikabaki na harufu ya ubani ndani ya nguo zetu zote. Mjomba wangu alikuja kutoka Kisarawe. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mtoto wa dada yake, na Mjomba alikuwa na neno tayari. Alikuwa mtu mwema, mnene, mpole wa kusema, na ubaya wake ni kwamba upole ule haukumwachia mtu nafasi ya kubisha. Alisema tusisumbuane na vyuo ndani ya msiba. Siku ya arobaini, hitima ikishasomwa na watu wakishakula, ukoo utakaa na kuamua: uuguzi, au kuna mtu wa heshima huko Kisarawe, mwenye mashamba ya minazi, ameuliza habari zangu. Ualimu haukutajwa. Na shuleni, wiki hiyohiyo, mkuu alitutangazia Jumatatu ambayo majina yatakwenda, wiki kadhaa mbele. Arobaini iliangukia Jumapili ya kabla yake. Kwa hiyo nilijua kabisa siku ambayo mambo yangu yatakuwa yamekwisha, nikawa natembea ndani yake kama mtu anayetembea ndani ya maji ya kiunoni, polepole, bila kelele.

Chumbani kwa Mama Kashinde nilikuwa nimeacha kwenda, Bibi alinikataza. Tulikutana kisimani. "Mwalimu amegoma?" akauliza, akitabasamu. Nikamwambia yote kwa ile sauti yangu ya zamani, kitabu cha nyimbo, nguruwe, Mjomba, Jumapili. Alivuta ndoo yake, akaimimina mtungini, akaishusha tena. Akajitwika mtungi akaondoka, na mimi nikadhani hakunisikia.

Jumapili ile uani kulikuwa na sufuria tatu za pilau juu ya mafiga, moshi umetanda mpaka usawa wa vichwa, wanawake wakienda na kurudi ndani yake kama watu wa ndotoni. Mbele wanaume walikuwa wamemaliza kusoma, dua imepigwa, wanasubiri masinia. Hapo ndipo watani walipoingia, kama ilivyo desturi: Mama Kashinde mbele, nyuma yake Wanyamwezi wenzake wawili wa mtaa wa pili. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria kubwa akanyang'anya upawa, akakaa juu ya kinu. "Hakuna kula," akasema. "Huyu mzee wenu alikuwa anakula mchana kutwa, amekwenda kuwamalizia wali malaika, na nyie mnataka kula tena?" Watu wakacheka, Bibi naye akacheka akijifuta macho kwa ncha ya kanga, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza mtu kumtaja Babu bila kushusha sauti. Mjomba akaja kutoka mbele, akatabasamu, akampa chochote cha kukomboa upawa. Upawa ukarudi. Wanawake wakaanza kupakua.

Mama Kashinde hakuondoka. Alinyoosha mkono juu, akachomoa ukindu mmoja mrefu, wa zambarau, katika mafungu ya Bibi, akaja nilipokuwa nimesimama na sinia, akalitua sinia chini, akanifunga mkono wangu na wake pamoja. "Huyu nimemteka," akasema.

"Mtani, umeshalipwa," Mjomba akasema. "Wali unapoa."

"Nimelipwa upawa. Mtu sijalipwa."

"Mchukue," Bibi akadakia, watu wakacheka. "Hajui hata kukuna nazi, juzi amekuna na kifuu."

Mjomba akatia mkono mfukoni. Mama Kashinde akatikisa kichwa. Akaahidiwa kuku. Akasema kuku wa Kizaramo wamekonda kwa kucheza ngoma. "Fidia yangu ni moja. Mjukuu wenu atamke hapa, mwenyewe, chuo anachokitaka, kwa sauti ya kumfikia mtu aliyekaa barazani. Akitamka namfungua, na mtakuwa mmekubali, maana fidia hairudishwi. Akinong'ona, kesho napanda naye treni, akanitwangie mtama Tabora."

Wote walijua kilichokuwa kinasubiri baada ya chakula. Mjomba alibaki na mkono mfukoni na tabasamu usoni, na niliona jinsi tabasamu lile lilivyokuwa zito kulibeba. Mbele ya ukoo mzima, siku ya arobaini, hakuwa na njia ya kumkasirikia mtani. Nilifungua kinywa. Kikatoka kilekile cha siku zote. "Nyie mmesikia?" Mama Kashinde akauliza. "Hatujasikia," wanawake wakajibu kwa raha, mchezo umeanza kuwanogea. Nikajaribu tena. "Amesema nini?" "Labda amesema anataka kuolewa," mmoja akasema, na kicheko kikapanda pamoja na moshi, macho yakaniuma.

Ndipo Bibi akasema, bado kwa sauti ya utani, lakini chini ya utani kulikuwa na jiwe, "Wewe mpagazi, unataka atamke nini? Si umeshambatiza huko chumbani? Nilimsikia."

Mkono wa Mama Kashinde uliofungwa na wangu ulikuwa na jasho. Pale penye mlango wa ukumbi alikuwa amesimama mumewe, karani, amekuja kuchukua sinia la wazee, viatu vinang'aa, na nyuma yake mabibi wawili wa kanisani kwao waliokuja kutupa pole. Aliwaona. Nilimwona akiwaona. "Mie nimbatize?" akasema. "Mtani wangu, mie nilikuwa siijui hata herufi ya kwanza. Miaka yote kanisani nakishika kile kitabu kama mtu aliyeshikishwa kuku wa mwenzake. Sauti uliyoisikia ni ya mwalimu wangu. Mwanafunzi ni mie. Amenifundisha tangu masika, na nikamfunga mdomo asiseme, akakubali kusemwa na nyie kuliko kunisema mie." Hakuna aliyecheka. Mumewe hakusogea. Mmoja wa wale mabibi alitazama chini. Mama Kashinde akanigeukia, na uso wake ulikuwa uleule wa chumbani, dirisha likiwa nusu. "Haya," akaniambia. "Mie nimeshasema yangu."

Sijui nieleze vipi. Miaka mingi nimesimama mbele ya watoto, wamenisikia mpaka wa kiti cha mwisho, na kila mara nimejua sauti ile inatoka mahali gani. Siku hiyo ilitoka kwa sababu kukaa kimya tena kungekuwa ni kumwacha peke yake pale. "Nataka chuo cha ualimu," nikasema, "kile cha milimani." "Barazani hawajasikia," akasema. Nikarudia kwa nguvu. "Barabarani je?" Nikapiga kelele. Nikasema nataka ualimu, nitasali sala zangu tano kama kawaida, nguruwe sitaki, na likizo nitarudi hapa, kwa Bibi yangu. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa ajili ya hitima na mtaa mzima ulikuwa kimya, kwa hiyo nadhani hata kule kwenye kona ya bomba walinisikia. Nilipomaliza nilikuwa nahema kama niliyekimbia.

Bibi aliinuka kwenye mkeka. Ilimchukua muda, magoti yake yalikuwa mabovu. Alikuja akatutazama wote wawili, kisha akainama akaukata ule ukindu kwa meno. "Fidia umepewa," akamwambia Mama Kashinde. "Sasa nenda kanawe, na wewe ule." Kisha, kwa sauti ya chini, "Ungeniambia, mtani. Mie nami sijui kusoma. Nani angekucheka?" Mjomba akatoa mkono mfukoni. "Basi tule," akasema, na hilo ndilo neno lake la mwisho, ukoo haukukaa kuamua kitu tena. Baba alipomaliza kula akaniita nimletee maji ya kunawa, na wakati namwagia akasema huko milimani inasemekana kuna baridi, nisimame wima. Akanipima mabega kwa shubiri, mkono wake umelowa, akijisemea vipimo.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba chuo kile kilikuwa ni pepo. Nilipofika nililia muhula mzima. Uji ulikuwa hauna sukari, ukungu uliingia mpaka kitandani, na wapo wenzangu waliokwenda uuguzi wakawa watu wakubwa na wenye furaha kuliko mimi. Wakati mwingine nawaza yule mwingine, Mwanaidi wa nguo nyeupe, anapita katikati ya vitanda kimyakimya na kupendwa na wagonjwa, na simwonei huruma hata kidogo. Labda naye yuko mahali fulani analala mchana na kuniota mimi. Lakini sikwenda kokote kwa kuandikwa tu. Jioni ile ya arobaini, watu wameshaondoka, nilipita ukumbini na mlango wa chumba cha tatu ulikuwa umefungwa. Ndani nilisikia sauti ya karani na ya mkewe. Walikuwa wanacheka, au mmoja wao alikuwa analia. Kupitia ukuta wa udongo vitu hivyo hufanana. Sikusimama kusikiliza. Nilikwenda uani kusugua masufuria pamoja na wanawake wa mtaa, tukaimba mpaka giza lilipoingia, na mimi niliimba kuliko wote.

Asubuhi niliamka sina sauti. Nilimwamkia Bibi shikamoo ikatoka kama mlio wa mlango. Nilikunywa uji wa mchele, nikavaa, nikatembea hadi mjini na umande bado uko kwenye majani ya kando ya njia, na nilipofika nilikwenda ofisini kwa mkuu wa shule kabla ya kengele, bila kuitwa. Alikuwa anapanga karatasi. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, Madam, jana nilipiga kelele.

"Wewe?"

"Mimi."

Akaiweka kalamu chini, akanitazama, na safari hii hakukuwa na huruma machoni pake, kulikuwa na kitu kama udadisi. Nikamwambia kwa ile sauti ya kukwaruza, neno kwa neno, afute uuguzi na aandike ualimu. Alinisikia mara ya kwanza. Nikamwona anafuta, nikamwona anaandika, nikashukuru, nikatoka nje bombani, nikanywa maji mengi sana.